Jiwe Alilokupa Baba Yako

Nyumbani kwa marehemu baba yako,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binti yetu,

Hujambo wewe, mume wako na watoto? Kile kifua cha mdogo kimepona? Huku tu wazima. Mama yako ameanza kula, na juzi nilimsikia akiwagombeza kuku, nikajua anapata nafuu.

Mwanangu, nakuandikia kukuomba jiwe alilokupa baba yako ulipoondoka. Niwie radhi. Nakueleza sababu, kisha uamue.

Unajua kazi yake ya miaka yote chuoni ilikuwa kutafuta mawe yalipata moto lini na yakapoa lini. Ndani ya jiwe mna punje za madini zenye urani. Urani hiyo hupasuka yenyewe, polepole mno, na kila mpasuko huacha mkwaruzo usioonekana ila kwa hadubini. Jiwe likipata joto kali, mikwaruzo hufutika; likipoa, mipya hubaki. Ukiihesabu, unajua mlima ulianza lini kuinuka kutoka kule chini kwenye joto.

Mawe yake ya mwisho yalikuwa uani chini ya turubai, makubwa kama maboga. Wakati wa msiba shangazi yako alitafuta mafiga ya sufuria kubwa, akayaona yametulia pale. Yakatumika kupikia mpaka wageni wa mwisho walipoondoka.

Mwanafunzi wake wa mwisho, yule dada ambaye baba yako alimwita Injinia kwa utani, alikuja kuyachukua akayakuta kwenye majivu. Akachuchumaa, akaanza kulia upya.

"Huyu analilia marehemu au analilia mafiga?" shangazi yako akauliza.

"Vyote viwili, shangazi," Injinia akajibu.

"Sasa zile namba nyeupe mlizoyaandikia? Mimi nilidhani ni mawe ya mpaka wa kiwanja!"

Hata mama yako alicheka, kisha akajifunika uso.

Simlaumu mtu. Ila bonde alikoyatoa baba yako mawe yale sasa liko chini ya maji ya bwawa, na bila jiwe la pale kazi aliyoiacha nusu haitakamilika. Limebaki lako tu. Kama uliliweka dirishani, jua halijalidhuru. Lakini kama liliwahi kukaa jikoni karibu na moto, niambie tu. Na ujue kwamba kule chuoni watalisaga liwe unga. Hutarudishiwa.

Nilimwuliza mama yako nikuambie nini. Akasema, "Kazi ni ya mume wangu, jiwe ni la mwanangu. Msinitie katikati."

Shangazi yako anakusalimu sana. Samahani yake anataka uisikie kwa mdomo wake mwenyewe. Wabusu wajukuu zangu, na mume wako mpe mkono wangu.

Injinia aliniomba niahidi kwa niaba yako, nikakataa. Baba yako angeweza kuliacha uani pamoja na mengine, lakini alilitia mkononi mwako. Kama siku ile alikuwa profesa au alikuwa baba, mimi sijui. Wewe ndiye uliyesimama mbele yake ukamwona uso.

Mungu akupe utulivu, vyovyote utakavyoamua.

Akupendaye bila kupungua,
Baba yako Mkubwa