Macheo Kwenye Glasi za Padre

Wifi yangu mpendwa Konsolata,

Mama amesema nikuandikie mimi, kwa sababu yeye akishika simu anaanza kulia, na kaka yako Sirili akishika simu anaanza habari za bei ya kahawa. Salamu umeshazipata kwa njia hiyo hiyo ya simu, kwa hiyo sizirudii. Tunajua kwa nini hukuweza kuja kumzika Baba. Daktari alikukataza kupanda ndege na mimba ikiwa imeshakua, na hakuna mtu hapa Mkuu, Rombo, aliyekulaumu. Hata Baba mdogo, ambaye huilaumu mvua ikinyesha na huilaumu isiponyesha, safari hii alinyamaza. Mtoto amezaliwa salama huko Kanada, Baba amelala salama hapa nyumbani. Moyo wangu umetulia, ndiyo maana nimeweza kukaa nje ya jiko na kalamu mkononi.

Kuna jambo nimelibeba tangu nilipokuwa mke mpya katika nyumba hii. Aliyenibebesha ni Baba, na nadhani sasa hatakasirika nikilitua.

Unakumbuka siku niliyokuja kukutafuta Moshi, kwenye ile hoteli ya wapanda mlima? Hatukuwa tumeonana. Nilikujua kwa picha moja tu, ile ya Kipaimara iliyo ukutani kwa Mama. Mlinzi alinizuia getini. Nikamwambia mimi ni wifi yake Konsolata wa kaunta, naye akashangaa, akasema alikuwa anadhani Konsolata hana ndugu. Ukatoka kwa mlango wa nyuma umevaa aproni nyeusi, ukanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. Nilikuamkia shikamoo kwa woga. Ukasema mawifi hawaamkiani shikamoo, nisikuzeeshe. Kisha ukanivutia kiti pale jikoni, ukanipa soda baridi, ukaniuliza nani amenituma.

Nikakujibu kwamba Mama anakuomba uje nyumbani Krismasi. Ukainama, ukafuta meza iliyokuwa safi tayari. Ukasema, "Basi kwa ajili ya Mama nitakuja."

Hakuwa Mama, wifi. Alikuwa Baba.

Asubuhi ile nilikuwa nimempelekea chai shambani, alikokuwa anapogoa mibuni. Hakunitazama. Aliendelea kukata matawi, akaniambia, "Wewe unatoka huko Mabogini, njia ya Moshi unaijua. Nenda kamwambie Konsolata nyumba hii bado ina mlango. Lakini useme ni mama yake aliyesema." Akaongeza kwamba nisimwambie mtu yeyote, hata mume wangu. Nikaitikia. Ningefanya nini? Nilikuwa mgeni, mtoto wa watu wa mpunga kule tambarare, na hapo nyumbani walikuwa bado wananiita "huyu wa chini". Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja na kukata majani ya ng'ombe. Baba mkwe anapokupa siri yake, unaishika.

Habari ya ugomvi wenu nilishaisikia kwa Sirili. Miaka ile mahoteli yalikuwa yanafunguliwa Moshi kila kona, wageni wamejaa, na wewe ukapata kazi ya kaunta. Baba akasema binti yake hawezi kuwa baamedi wa kuwamiminia walevi. Nawe ukamjibu mbele ya watu kwamba Mama anapika mbege, pombe ile ile ya ndizi, na kuwamiminia wanaume kila siku ya soko, na hakuna aliyewahi kumwita baamedi. Hakuweza kulimeza neno lile, kwa sababu lilikuwa la kweli. Wewe ukaondoka, Krismasi zikapita bila wewe. Ulichokuwa hukijui ni kwamba magari ya kutoka Moshi yalipokuwa yakipanda na watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, Baba alikuwa anakwenda kusimama ukingoni mwa barabara, anajifanya anaikagua migomba. Mimi nilimwona kwa macho yangu mwaka wangu wa kwanza hapa. Alikagua migomba ile ile mpaka giza likaingia.

Basi ukaja. Mkesha wa Krismasi ulishuka garini na kikapu chako, na kanga moja imelowa wekundu hadi nikadhani umeumia. Ilikuwa ni chupa ya sharubati nyekundu iliyovunjika njiani. Chupa nyingine ilikuwa salama: tekila, uliyopewa na mgeni mmoja alipomaliza kupanda mlima na hakutaka kubeba mzigo kurudi kwao. Ukamwamkia Baba, akaitika marahaba, akaenda kwa ng'ombe wake. Mezani aliongea na kila mtu isipokuwa wewe. Kanisani alikaa mwanzo wa benchi nawe mwisho, sisi wote katikati kama ukuta. Nilitamani kusimama na kusema yale ninayoyajua.

Siku ya pili ya Krismasi ukaniambia jikoni kwamba utamtengenezea Baba kile kinywaji unachowatengenezea wageni, ili aone kwa macho yake unafanya nini kule. Wageni wanakiita macheo, ukasema, kwa sababu rangi zake zinapandana kama mbingu ya alfajiri. Mama alikuwa anakoroga ulezi, akasikia. Akatoka, akarudi na jani la isale alilolichuma mpakani mwa shamba. Sote tulijua maana yake. Anayepeleka isale amekuja kuomba msamaha, na anayepelekewa hawezi kukataa. Akakuwekea mezani kando ya chupa.

Ulilitazama. Ukasema, "Mama, sikumkosea. Nitampelekea glasi tu."

Mama hakubishana. Alilichukua lile jani akalichomeka kwenye paa la jiko, akaenda kufungua kabati na kutoa glasi za padre, zile zinazotoka kabatini padre akitutembelea tu. Hapo ndipo nilipojua upande wa Mama ulikuwa wapi, maana glasi zile hata Sirili hakuwahi kuzigusa.

Kilichotukwamisha kilikuwa wekundu. Machungwa yalikuwepo, yale ya Tanga yenye ganda la kijani na maji mengi. Ndimu zilikuwepo. Sirili alikwenda kwenye duka la soda lenye friji akarudi na barafu ndani ya gunia lenye pumba za mbao, nusu imeshayeyuka. Lakini sharubati yako ilikuwa imenywewa yote na kanga, na bila kitu kizito chekundu cha kuzama chini, ukasema, hayo si macheo, ni maji ya machungwa yenye kileo. Ukakaa kwenye kigoda, mara ya kwanza nikakuona umekata tamaa.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nina rozela. Mama yangu alinifungia maua yake makavu mekundu nilipokuwa naolewa, nikiugua nichemshe. Ukainuka haraka. Tukayachemsha pamoja, tukaweka sukari mpaka Mama akaguna, tukayaacha yachemke hadi yakawa mazito kama asali na mekundu kuliko damu. Glasi ya kwanza tuliiharibu. Tulikuwa na haraka, tukamimina rozela ikiwa bado ya moto, rangi zote zikachanganyika zikawa kama maji ya tope la barabarani. Tuliinywa wenyewe, tukipokezana, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka nawe ukacheka hadi ukajishika ukuta. Sijui kama unajua, lakini hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza katika jiko lile.

Tukakitia kisufuria kwenye beseni la maji ya bomba, yale yanayoshuka mlimani, baridi hadi meno yanauma. Rozela ilipopoa ukanionyesha. Barafu kwanza. Kisha tekila, kidogo. Kisha chungwa na ndimu, zimechujwa kwa chujio la chai, unakoroga mara moja na kuacha. Halafu unainamisha glasi, unageuza kijiko mgongo juu, unaigusisha ncha yake ukutani mwa glasi, na unamimina ile rozela juu ya mgongo wa kijiko, polepole, kama unayemlisha mtoto anayelala. Na usikoroge tena. Ilishuka yote mpaka chini ikatulia. Juu yake ikaanza kupanda rangi ya embe bivu, na juu kabisa manjano. Mama aliacha ulezi wake akaja kutazama. Akasema kwa Kichagga jambo ambalo sikulielewa siku ile. Baadaye aliniambia alisema hivi: kumbe mtoto wangu anapika mwanga.

Baba alikuwa amekaa uwanjani na Baba mdogo, kata ya mbege katikati yao. Ulitembea na ile glasi kwenye sahani, mimi nyuma yako na nyingine ya Baba mdogo. Ulipiga goti. Baba akaitazama glasi, hakukutazama wewe. Baba mdogo akaanza kusema kwamba hizi ni pombe za wazungu, zitapofusha watu. Baba akanyoosha kiganja kumnyamazisha.

Ndipo ukafanya lile ambalo hakuna aliyekuambia ufanye. Uliinua glasi mdomoni, ukaonja kidogo, kisha ukaigeuza na kumpa kwa mikono miwili. Kama anavyofanya kila anayemimina mbege katika nyumba hii, ili anayepokea ajue hakuna ubaya ndani.

Baba akauliza, "Nani amekufundisha kuonja kwanza?"

"Ni wewe, Baba. Nilipokuwa nakuletea kata."

"Na huko hotelini unawaonjea?"

"Hapana. Hapa tu."

Akaipokea. Aliishika juu kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu sana, upande huu na upande ule. Jua la Rombo linatoka upande wa Kenya, kule chini nyikani, na Baba alikuwa ameliona kila asubuhi ya maisha yake kutoka mlango huo huo. Alisema, "Hii ni asubuhi ya hapa kwetu." Akanywa. Akakunja uso, akanywa tena. Akakuuliza kwa nini rangi hazichanganyiki, nawe ukamweleza ukiwa bado umepiga goti, habari ya kitu kizito na kitu chepesi, habari ya kijiko na subira. Alisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza bwana shamba. Mwisho akasema, "Basi kazi yenyewe inataka mkono uliotulia. Inuka, utachafua gauni."

Hayo tu. Ukainuka, ukarudi jikoni ukitembea vizuri kabisa, na ulipovuka kizingiti ukalia kwenye bega langu mpaka nikalowa. Nami nilitamani kukuambia siku ile ile kwamba alikuita yeye, kwamba mlango ulikuwa wazi kabla hujapanda gari. Lakini nilikuwa nimeahidi. Na nikikumbuka sasa naona labda ilikuwa vizuri. Ulipiga goti pale ukidhani unaweza kukataliwa, na bado ulikataa lile jani.

Kwangu mimi pia mambo yaligeuka siku ile. Jioni Mama alinituma kuonja togwa ya mbege yake kama imeiva, kazi ambayo hapewi mgeni, na akaniita mwanangu. Sijasikia "huyu wa chini" tangu hapo, isipokuwa kwa Baba mdogo, na kwake nimezoea.

Krismasi zilizofuata unazijua mwenyewe. Ulipoolewa na kuhamia mbali, Baba aliniomba mimi niendelee kumtengenezea "ile ya rangi". Tekila ikikosekana niliweka konyagi, akaijua kwa harufu akaninung'unikia. Wageni wakija aliwasimulia kwamba ana binti ambaye mkono wake hautikisiki. Hakuwahi kusema neno baamedi tena, wala hakuwahi kusema alikosea. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa nikuambie la mwisho, kwa sababu Sirili amesema ni haki yako kulisikia kutoka kwetu kabla ya kulisikia mitaani. Wiki chache kabla hajafariki, Baba alituita chumbani: Mama, Sirili, mimi, na Baba mdogo. Alikuwa dhaifu lakini akili yake nzima. Akasema sehemu ya chini ya kihamba, hili shamba letu la ukoo, kuanzia kwenye mti wa mringaringa mpaka barabarani, ni ya Konsolata. Baba mdogo akasema watoto wa kike hawagawiwi kihamba, na zaidi ya hayo Konsolata ni mtu wa Kanada, ana ukoo mwingine. Baba akafumba macho. Akasema, "Sikukuita uniambie. Nimekuita usikie." Sirili akasema amesikia na amekubali. Mama akasema amesikia. Nami, ambaye sikutarajiwa kusema kitu, nikasema nimesikia. Baba mdogo alikohoa, akatazama dirishani, akasema naye kasikia.

Kwa hiyo una ardhi, wifi. Sio kubwa. Asubuhi inapata jua kabla ya sehemu nyingine yoyote ya shamba, na migomba iliyopo, ile ile aliyokuwa akiikagua Baba, imezeeka. Sirili alitaka kuing'oa na kupanda mahindi msimu huu ili ardhi isikae bure. Mama alimkataza. Amesema pabaki hivyo hivyo, hata majani yakue mpaka kiunoni, mpaka wewe mwenyewe uje na mwanao usimame pale na kutuambia unataka kiote nini.

Nambusu mtoto.

Wifi yako wa Mabogini