Mpaka Umalize, Wewe ni Lynn

S.L.P. 46,
Bahati, Nakuru.
17 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Lynn,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa guka wako. Natumaini joto la Kisumu halijakumaliza, na kwamba unakula chakula, si chai na mandazi pekee. Sisi tu wazima. Magoti yanamsumbua shosho wako, mke wangu, asubuhi, lakini leo kanisani alisimama nyimbo zote na nyingine akaanzisha mwenyewe, kwa hivyo usimhurumie sana. Mvua imekuwa njema mwaka huu. Mahindi yamebeba, na viazi tulivuna hadi magunia yakatuishia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Unaijua simu yangu. Tangu masikio yangu yaanze kuzeeka, inapaza sauti mpaka jirani yetu Mburu anasikia akiwa zizini kwake. Mambo uliyoniandikia wiki iliyopita si ya Mburu. Nimeyasoma peke yangu na sijamwambia mtu.

Kwa hivyo umeanguka anatomia, mtihani wa marudio ni Septemba, na ukianguka tena chuo kitakurudisha nyumbani. Unasema afadhali uondoke mwenyewe sasa, kabla mama yako hajajua. Lynn, nilipomaliza kusoma nilicheka. Si kwa kukudharau; nilikuwa nimeogopa ni ugonjwa. Mtihani mmoja wa mwaka wa kwanza ni jambo la kufanyiwa kazi, basi.

Nadhani najua shida ilipoanzia. Ni ile sherehe ya kukuaga. Mbuzi, hema, viti vya kukodi, na mama yako akakuvika koti jeupe mbele ya mchungaji kabla hujaingia darasani hata siku moja. Mshereheshaji akakuita daktari, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo hapa Bahati hakuna mgonjwa asiye na namba yako. Nasikia hata Mburu alikupigia kuuliza dawa ya ng'ombe aliyevimba tumbo. Ng'ombe alipona, anakusalimu. Sisi watu wa huku tukimpenda mtoto tunampa cheo kabla ya kazi yenyewe, halafu tunamwachia akibebe peke yake.

Ndiyo maana, kama unavyosema, unakaa nyuma na huulizi swali. Daktari atauliza vipi mfupa huu unaitwaje? Lakini chuo kilikupokea kwa sababu bado hujui. Kaa mbele. Andaa swali moja kabla ya kila somo, na ukiona haya mbele ya wenzako, mfuate mwalimu ofisini. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote, na sikumbuki mwanafunzi aliyenifuata na swali nikamdharau. Niliokuwa nikiwahofia ni wale walioitikia kwa kichwa kila nilichosema.

Na hizo kalamu za rangi. Umeniambia unanakili upya maelezo yote ya darasani, kichwa cha habari kijani, mishipa nyekundu, hadi kiganja kinakufa ganzi. Ni kazi safi, lakini anayesoma hapo ni mkono. Funga kitabu, useme kwa mdomo ulichosoma. Utakapokwama, hapo ndipo pa kurudia.

Hili nililijulia kambini. Ghasia za uchaguzi zilipotufukuza shambani kwetu Molo mwaka wa 2008, tukiwa na godoro na sufuria, nilifundisha darasa la nane chini ya hema. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja. Mtoto mmoja alisoma ukurasa, akakifunga, akasimama kuwaeleza wengine, nao hawakuwa na huruma. "Wewe, damu imetoka wapi? Rudia hapo, umeruka." Shamba lile bado linanijia nikifumba macho, ukungu wa asubuhi na maua meupe ya pareto mpaka kwenye ua. Lakini nikikumbuka hema lile natabasamu. Wale watoto walifanya mtihani vizuri kuliko wengi niliowafundisha penye madawati na maktaba.

Kwa hivyo mshike Anyango, huyo mwenzako wa chumbani unayesema kicheko chake kinasikika hadi getini. Ashike kitabu yeye, wewe umweleze mkono mzima kutoka begani hadi kidoleni. Akikucheka, vizuri, jina ulilochekewa halikutoki tena. Tafuteni karatasi za mitihani iliyopita, mzifanye kwa saa, bila kuchungulia. Soma swali lote kabla ya kuandika. Ukiambiwa ulinganishe vitu viwili, usieleze kimoja kwa ufasaha ukasahau cha pili. Na ulale, mama. Kichwa ambacho hakijalala hakishiki jina la mfupa.

Sasa la nyumbani, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Jana tulikuwa tukichambua viazi vya mbegu, na mama yako akataka tukupigie simu juu ya magoti ya shosho. Nikasema kuanzia leo mtu asimsumbue huyo mtoto na magonjwa mpaka amalize shule.

"Sasa hizi magoti zangu nitauliza nani?" shosho akaniuliza.

"Enda hospitali, kwa daktari aliyemaliza."

"Na huyu wetu ni nini?"

"Huyu wetu ni Lynn."

Shosho alicheka hadi machozi. Akasema miaka yote hii sijawahi kumkataza kitu, nimengoja awe na daktari wake mwenyewe ndipo nianze. Mama yako hakucheka. Baadaye alinifuata nje. Tangu kaka yangu aliyemzaa atutoke, mama yako Wangare huniita baba, na ananisoma usoni kama alivyokuwa akimsoma yeye.

"Baba, huyu msichana ameanguka?"

Nilimwambia jibu hilo si langu. Amuulize mwenyewe, na akimuuliza amwite kwa jina lake.

Akauliza tena, "Nilimvalisha lile koti mapema, ama?"

"Koti halina makosa," nikamwambia. "Litamngoja."

Barua hii naituma kesho kutoka mjini, ili ikufikie kabla ya Alhamisi. Alhamisi jioni mama yako atakupigia. Sikiliza atakavyokuita, kisha umwambie yote. Usianze kwa kuomba msamaha. Mwambie ulichoanguka, tarehe ya marudio, na jinsi ulivyojipanga na Anyango. Atalia kidogo, unamjua. Mwache alie, msikate simu.

Usiondoke chuoni. Ingia katika mtihani huo ukiwa umefanya kazi yako, utoke. Ukipita, nitamwomba shosho atupikie tule, lakini hakuna hema. Wakikurudisha, mlango ni ule ule na kitanda chako ni kile kile, tutakaa chini tupange upya. Kwa vyovyote utakuwa umefika mwisho kwa miguu yako.

Msalimie sana Anyango, umwambie namtegemea. Shosho, mama yako na Mburu wanakusalimu. Mungu akutulize moyo, akufungulie kichwa, na akupe usingizi wa kutosha.

Wako akupendaye tangu kabla ya koti,

Guka Hiram