Kamwene Katikati ya Uwanja

Edina mwenzangu,

Wamenivua unahodha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza mama yako anaendeleaje. Mama yako hajambo. Nilipita kwake Jumapili baada ya misa nikamkuta nje anamenya viazi, akaniuliza kama bado tunacheza "ule mchezo wenu wa marungu." Nikamwambia tunacheza. Mengine sikumwambia, maana angelia, na mimi sikuwa nimekwenda pale kulia. Nilikwenda kula viazi.

Unahodha amepewa Jackline. Yule wa Dar, unamkumbuka, anayekuja kambini na mabegi mawili, moja la nguo na moja la kuwaonyesha watu kwamba lipo. Si mchezaji mbaya, sitasema uongo mbele ya marehemu. Anapiga vizuri sana mpira ukimfuata pale anapoutaka. Shida ni kwamba mpira wa kriketi haujafundishwa adabu hiyo.

Niliambiwaje? Kwa ujumbe wa simu, kwenye kundi la timu ya taifa, nikiwa nyumbani Kitandililo napalilia njegere. "Kamati ya uteuzi imefanya mabadiliko ya uongozi kwa maslahi mapana ya mchezo." Upana wa hayo maslahi sijauona mpaka leo. Chini yake wakaweka mpangilio wa wapigaji. Miaka yote wewe na mimi ndio tulikuwa tunafungua, wawili wa kwanza kuingia uwanjani wakati mpira bado mpya na wenzetu wamekaa benchi wanatuombea. Nikalitafuta jina langu juu, halipo. Nikashuka, nikashuka, nikalikuta namba saba. Namba saba, Edina. Huko wanakaa watu wanaosubiri wengine wakosee.

Na usidhani huo mpangilio umetulia. Tangu uondoke wanaubadilisha kila mechi. Kuna siku walimtanguliza mrushaji wetu wa mipira ya kasi, eti kwa sababu ni mrefu, na mtu mrefu anauona mpira ukiwa mbali. Hayo yalisemwa na mtu mzima mwenye miwani, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Maskini alitolewa kabla watazamaji hawajapata pa kukaa. Mechi iliyofuata wakawatanguliza wanaopiga kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mmoja wao aliona hivyo kwenye televisheni. Wanapanga majina kama wauza nyanya wa Makambako wanavyopanga ndoo zao, nzurinzuri juu zionekane na mnunuzi, za chini utajua mwenyewe ukifika nyumbani. Ukiwauliza wanasema ni utaalamu.

Lakini hayo ningeyavumilia. Kinachonifanya nikuandikie ni kwamba wamepata sababu ya kunivua, na sababu yenyewe ni wewe.

Unakumbuka ilivyoanza? Uwanja wa shule, ukungu wa asubuhi mzito mpaka mwalimu akiongea tunasikia sauti tu. Alikuwa ametufundisha kwamba wapigaji ni wawili, kila mmoja upande wake, na mpira ukipigwa mnakimbia kubadilishana upande ili mpate alama. Mmoja akikimbia mwenzake akabaki, mmoja wenu ametoka. Kwa hiyo lazima muitane, na mwalimu alitaka tuitane kwa Kiingereza. Siku ya kwanza mimi na wewe tukapiga, tukakimbia, tukakutana katikati. Na wewe, mtoto uliyelelewa, ukakumbuka kwamba huwezi kupishana na mtu aliyekuzidi umri bila kumsalimia, hata kama amekuzidi mwaka mmoja tu. Ukapunguza mwendo, ukainamisha kichwa na rungu lako mkononi, ukasema, "Kamwene, dada." Mimi nami nikajibu, "Kamwene." Ningefanyaje? Salamu ya kwetu haiachwi hewani. Wakakutoa hapohapo. Darasa zima likalala chini kwa kucheka, na mwalimu akakaa kwenye nyasi zenye umande akifuta machozi.

Tulichekwa muhula mzima, halafu tukaacha kuchekwa, kwa sababu tuligundua jambo. Anayetaka kukimbia asalimie kwanza. Mwenzake akijibu, tunakwenda. Akinyamaza, kila mtu abaki kwake. Basi. Hakuna timu iliyojua tunaongea nini. Timu za wageni zilidhani sisi ni watu wapole sana, tunasalimiana mchana kutwa huku tunawamaliza. Sikumbuki hata mara moja wewe na mimi tukitoana tangu shule mpaka walipokulaza hospitali ya Lugarawa, na wewe ukiwa kitandani bado unaniuliza nani atafungua na mimi.

Nani atafungua na mimi. Swali hilo ungewauliza wao.

Waliniwekea Jackline. Mechi ya kwanza baada ya kukuzika, Dar, jua linachoma mpaka kwenye meno. Nikapiga mpira ukaenda pembeni, alama ya wazi kabisa, hata mama yako na kisu chake cha viazi angeipata. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Kamwene," na miguu yangu ikasikia jibu ambalo hakuna aliyelitoa. Nikajikuta nimefika upande wa pili, nimesimama na Jackline sehemu moja. Ananitazama kama mtu aliyesalimiwa na mgeni sokoni na hajui kama amjibu au ashike pochi yake. Wakanitoa. Nikatembea kurudi benchi, na uwanja ule ukawa mrefu kuliko njia ya kwenda Ludewa.

Sikulia kwa sababu ya kutoka. Nililia kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba umekufa. Kaburini sikuwa nimeelewa.

Kamati waliona nini? Waliona "tatizo la mawasiliano linalotokana na mtindo usio wa kitaalamu ulioanzishwa na marehemu." Marehemu, ndiyo. Hata jina lako hawakulitaja, wakati jezi yako waliikunja wenyewe mbele ya jeneza na kuomba wapigwe picha nayo.

Sasa sikia vituko vya Njombe. Mwaka huu wakaamua kambi iwe huku, eti baridi inaimarisha mapafu. Mwenyekiti wa kamati akafika na shati la mikono mifupi. Mwezi wa saba, Njombe, mikono mifupi. Asubuhi ya pili nikamwona sokoni anagombania koti la mtumba na kina mama, akalipata la kike lenye vifungo vya maua, na akalivaa mpaka mwisho wa kambi akiwa anatufokea kuhusu nidhamu ya mavazi. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama padri na kikombe chake. Ungekuwepo ningekubana mkono usicheke, halafu ningecheka mimi.

Siku moja jioni akaniita pembeni, pale kwenye kuni nyuma ya jiko la hosteli. Akanitazama kwa huruma ile wanayojifunza kwenye semina. "Binti, sisi hatuna ugomvi na wewe," akasema. "Kesho kwenye kikao waambie wenzako kwamba ule mtindo wa marehemu ulikuwa kosa, na kwamba ndio uliotugharimu. Ukishasema hivyo, suala la unahodha na la kufungua tutalizungumza." Mimi nikasukuma ukuni motoni. Akaona sijaelewa, akanisaidia. "Marehemu haumii."

Edina, huyo ndiye mtu anayechagua nani avae rangi za nchi. Marehemu haumii. Alisema hivyo akiwa anaota moto wa watu, ndani ya koti la mwanamke asiyemjua.

Lakini nikwambie ukweli, nilitaka. Nilimdharau na bado nilitaka. Ningesema sentensi mbili tu, na ningerudi juu, kwenye mpira mpya, mahali petu. Wakati wa ugali nilikuwa nayapanga yale maneno kichwani, nayafanya mepesi. Nilijiambia ungekubali. Nilijiambia wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kusema, dada, sema tu, kisha tukawapige.

Asubuhi baada ya chai tukakaa kwenye ukumbi wa kulia chakula, wasichana wote, kamati mbele. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, mama wapishi wanachambua mboga na kuongea mambo yao. Mwenyekiti akasema dada yenu ana neno. Nikasimama. Na unajua watu wa kwetu tukisimama mbele za watu, hatuanzi na neno, tunaanza na salamu. Sikupanga. Ikatoka yenyewe. Nikasema, "Kamwene."

"Kamwene," wakaitikia mama wapishi kutoka dirishani, wote kwa pamoja, bila hata kuinua vichwa kwenye mboga zao. Hawakujua kuna kikao. Walisikia salamu, wakaitikia, wakaendelea kuchambua.

Wasichana wakaangua kicheko. Mwenyekiti akageuka akalitazama jiko kana kwamba sufuria limemtukana. Mimi sikucheka. Maneno yangu yote mepesi niliyoyapanga yakaondoka, sikuweza kulikumbuka hata moja. Maana nilikuwa nimekwenda kusema kwamba kile kilikuwa kosa, na hapo hapo watu wasionijua, wasiojua kriketi, wamenionyesha kwamba kosa halikuwa lako wala langu. Mtu alisalimiwa, hakujibu. Nikasema, "Nimemaliza," nikakaa.

Adhabu yake unaweza kuikisia. Mechi ya majaribio, siku iliyofuata, timu ikagawanywa mbili na mpangilio ukasomwa. Mimi namba kumi na moja. Wa mwisho kabisa, Edina, nyuma ya msichana anayeshika rungu kama ufagio wa chelewa. Mtu aliyefungua kwa nchi yake. Yule mwenye miwani akasema ni mbinu mpya, na nadhani aliamini.

Mpira ulikuwa umelowa, upepo unatoka milimani, na mpangilio wao wa kitaalamu ukaanguka wote kabla ya chai ya saa nne. Nikaitwa. Aliyebaki upande wa pili alikuwa Jackline, pua nyekundu, vidole vimekufa ganzi, ameng'ang'ania pale muda wote bila mtu wa kukimbia naye. Kwa hilo nampa heko. Aling'ang'ania.

Mpira wa kwanza nikausukuma mbele. Nikaita, "Kamwene." Kimya. Basi safari hii sikuondoka, nikabaki kwangu, nikamtazama tu. Kamati walikuwa wamekaa pale kwenye viti vya kuazima kanisani wakitusikia vizuri. Nahodha mpya alijua wanasikia. Mpira wa pili nikausukuma tena, nikaita tena.

Akajibu. Kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba, na kwa lafudhi mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, lakini akajibu, na tukakimbia. Tukapishana katikati. Tukaendelea hivyo, salamu kwa salamu, mpaka mwenyekiti akasimama na koti lake la maua akatangaza kwamba muda umetosha. Jackline alinifuata baadaye nikiwa nafungua pedi za kukinga miguu, akaniuliza ile salamu maana yake nini hasa. Nikamwambia aende akawaulize mama wapishi. Akaenda kweli.

Sasa usinielewe vibaya. Haikuwa sauti yako. Kila alipojibu nilimchukia kwa kutokuwa wewe, na nilikuwa nakimbia huku machozi yanaganda mashavuni kwa ule upepo. Nilidhani akijibu mtu mwingine itakuwa afadhali. Si afadhali. Ni alama tu.

Orodha ya wanaosafiri na timu ya taifa imetoka jana. Nimo, namba kumi na moja, na barua yao inasisitiza kuitana kwa lugha ya kitaalamu. Waache wasisitize. Unahodha wangu wabaki nao, waupeleke mjini wakauvalishe koti. Kesho nashuka Makambako kupanda basi la Dar, na kabla ya hapo nitapita kwa mama yako nimwambie yote, hata kama atalia, kwa sababu akilisikia jina lako likisemwa vibaya na watu wale ni heri awe ameshalisikia kwangu.

Nakuahidi jambo moja. Mdomo wangu hautasema kwamba ulikosea, wakinirudisha juu au wakiniacha huku chini mpaka nizeeke na pedi miguuni. Wakiniingiza wa kwanza nitaita. Wakiniingiza wa mwisho nitaita. Asiyejibu abaki kwake, nami nitabaki kwangu.

Pumzika, mdogo wangu. Misa yako ya mwaka nitakuwa safarini, lakini saa hiyo, popote nitakapokuwa, nitasimama kidogo nikusalimie.

Kamwene, Edina.

Dada yako,
Tumaini