Kukhu Pia Anakuja Lamu

Baba,

Sukuma iko kwa sufuria, ugali utasonga mwenyewe. Mimi niko saluni hapo steji ya Fifty-Six. Usiguse chai ya thermos! Ni ya Mama, alitoka bila kuinywa, na sababu unaijua.

Mwaka mzima tumepanga kwenda visiwa vya Lamu. Mama ameshanunua hadi kofia ya jua. Kazi yako ilikuwa moja tu: umpigie mama yako, Kukhu, umwambie Krismasi hii hatuendi kwake ushago. Nawe, mwanaume mzima na ndevu zako, ukashika simu asubuhi ukasema, "Ndiyo Mama, tunakuja wote, tutafutie kuku." Mama akavaa viatu akatoka. Kofia ameiacha juu ya TV.

Basi nimempigia Kukhu mwenyewe, nikamwambia ukweli. Akasema, "Baba yako Wekulo ameniogopa tangu akiwa mtoto. Lakini mbona mimi hamkunialika?"

Ni kweli, Baba. Kila Desemba tunamkuta mlangoni akitungoja, na hakuna siku tumewahi kumwambia twende mahali.

Kwa hivyo tunaenda Lamu, na Kukhu anakuja. ~~Mama nitamwambia mimi.~~ Mwambie wewe, kabla hajavua viatu, na umvalishe kofia yake.

Kukhu anabeba kuku wawili, walio hai, kwa sababu anasema samaki wa Lamu si chakula cha Krismasi. Kuhusu hao, tumwache Mama ajionee.

Kitinda mimba wako, anayekupenda hata ukiwa mwoga,
Nelima