Kitufe cha Toka Kisichomtoa Mtu

Mzee Ouma,

Nimekataa. Naanzia hapo kwa sababu ulichukia barua za kuzungukazunguka. Leo meneja alinisukumia fomu nithibitishe kwamba tovuti ya hospitali, ile ambayo wagonjwa watasomea majibu ya vipimo vyao, iko sawa kwa simu zote na brauza zote. Haiko sawa.

Tangu tukuzike, kazi yako ya kupima tovuti niliachiwa mimi, pamoja na lile boksi la simu kuukuu ulizonunua soko la Kibuye moja moja. Vijana wa ofisi wanaliita takataka. Shauri yao. Meneja ana programu ya kuigiza simu kwenye kompyuta, ikamwonyesha kijani, yaani sawa, kila mahali, akaniuliza, "Achieng, nani bado anatumia hizo?" Ati nani! Masikio yaliniwaka. Hajawahi kusimama kwa kina mama wa mitumba akaona simu moja inavyozunguka vibanda vitatu. Huyu anaingia, anasoma, anabonyeza Toka, anampa mwenzake.

Wapimaji wengine hubonyeza Toka wakaridhika. Wewe ulikuwa unasema, "Toka, mpe jirani, halafu mwambie arudi nyuma." Ulinituma kwa Mama Adhis wa chai na simu mkononi kila siku, mpaka akauliza kama nimechanganyikiwa. Ulicheka siku hiyo ukamwaga uji kwa shati. Mzee, nimekumiss vibaya.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Kwenye simu ya bluu yenye brauza ya zamani, sesheni haifi. Ukibonyeza Toka, tovuti inajifanya imekusahau, kumbe bado inakukumbuka. Meneja hutibiwa hospitali hiyohiyo na majibu yake tayari yamo kwenye tovuti, kwa hivyo nilimwomba aingie kwa jina lake mwenyewe, kisha atoke. Nikampa Mama Adhis simu. Akabonyeza kishale cha kurudi nyuma, na majibu ya damu ya meneja yakafunguka yote. Mama wa watu akaanza kuyasoma kwa sauti! Meneja alimpokonya simu mbio.

Ungedhani amejifunza. Wapi! Alisema tutarekebisha baadaye, tovuti lazima ifunguliwe Jumatatu, na nisipoweka sahihi nitafute kazi kwingine. Yake yafichwe, ya wengine yasubiri.

Nililia chooni, sikufichi. Nilitaka sana kukupigia. Halafu nikanawa uso, nikaandika kwenye fomu HAIJAPITA, herufi kubwa, na sababu chini yake. Nikampa meneja fomu yake, na nakala nikaipeleka hospitali kwa miguu yangu mwenyewe, nikasubiri mpaka daktari mkuu akaisoma mbele yangu.

Kesho wananiita ofisini. Wakinifukuza, wanifukuze, nitarudi nyumbani Migosi kichwa juu. Lakini hakuna mwanamke atakayefunguliwa ugonjwa wake mbele ya soko kwa sahihi yangu. Hiyo nakuapia.

Oriti, kwaheri, Mzee wangu. Lala tu, mimi sijachoka.

Achieng