Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kwako ndugu yangu Twiga,

Hujambo lakini? Shemeji naye? Na mikono yako, maji ya vyombo vya hoteli bado hayajaimaliza? Mimi ni mzima wa mwili, mama na kaka nao wazima. Salamu ziishie hapo maana leo hata kalamu inaona haya.

Twiga, wamemchukua mama yako. Kaa chini kwanza, usikimbilie kulia. Hajapigwa. Yuko kwenye ghala la mahindi nyuma ya kituo cha zamani cha polisi pamoja na wanawake wengine, na chakula anapewa. Jana alisomewa shtaka mbele ya kamati ya mtaa, kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti wa kamati unamjua: ni kaka yangu. Tangu yeye na wapiganaji wenzake waliposhuka kutoka msituni na kuuchukua mji, yeye ndiye mkubwa wetu huku, na watu waliokuwa wakimwita mhuni sasa wanamfutia kiti.

Shtaka ni yale mashati meusi ya kikosi maalumu cha serikali iliyoanguka. Waliyatupa mezani rundo zima. Mama mmoja ambaye mumewe alichukuliwa na kikosi kile akasimama, akaokota shati moja, akasema, "Aliyeshona hili alijua anamvalisha nani. Nataka nimwone uso." Wakaipindua kola. Unazijua alama zetu, misalaba miwili ya uzi, mama yako alizoweka ili ajue kazi ni ya nani wakati wa malipo: wewe uzi wa njano, mimi mwekundu. Kila shati lililokuwa pale lilikuwa na mwekundu.

Kaka akauliza, "Uzi huu ni wa nani?" Yeye hakujua, alikuwa msituni tulipokuwa tunashona. Mimi nilikuwa nimekaa na mama mstari wa katikati. Mama yako akanitazama, hata si kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wangu. Si mimi ndiye fundi?" Nami nikainama nikajifanya natafuta kiatu chini ya benchi. Nilikuwa nimevaa viatu vyote viwili, Twiga.

Na usiniambie sikujua mashati yanakwenda kwa nani. Nilijua. Tulikuwa tunataniana kabisa kwamba zile kola tuzibane wakabwe. Wewe ulicheka, mimi nikaendelea kushona.

Barua hii anakuletea mama wa vitunguu, yeye bado anaruhusiwa kuvuka mpaka na magunia yake. Nitukane ukitaka, ila nijibu.

Ndugu yako,
Chiriku


Ijumaa, tarehe 15 Machi

Chiriku,

Mimi mzima. Mume wangu ana homa, atapona. Habari za afya zimetosha.

Barua yako niliisomea jikoni, nikavunja sahani, na mpishi mkuu akanitukana kwa lugha yao na yetu. Sikumsikia. Nilikuwa nakutukana wewe. Wewe unayeongea hata usingizini! Wewe uliyembishia mkaguzi wa jeshi mpaka akaondoka bila kukagua vifungo! Siku ya mama yangu ndiyo ulimi ukapotea?

Halafu hasira ikanishuka kidogo, nikakukumbuka ulipokuja kujifunza kazi, mashoto wee, kila mshono unalalia upande usiotakiwa, na sisi tunakucheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alihamisha sindano akashona na yeye kwa mkono wa kushoto, wiki nzima, vidole vimejaa matundu, ili tu akuonyeshe kwa namna utakayoelewa. Mimi binti yake wa kumzaa hakunifanyia hivyo. Niliona wivu, sikukwambia.

Sasa sikiliza. Waliotoroka huko wanasema wanaohukumiwa wanapelekwa machimbo ya mawe. Mama ana pumu. Wewe umemwona akifagia tu vipande vya kitambaa anavyokwenda kushika mlango na kutafuta pumzi. Vumbi la mawe litamuua, Chiriku, na halitachukua muda.

Sikuombi mambo makubwa. Simama useme uzi ni wako. Wewe una mapafu mazima, tena ni dada wa mwenyekiti, watakupa nini, kufagia ofisi? Mimi siwezi kuja. Mke wa dereva wa jeshi la zamani akivuka mpaka hafiki hata sokoni. Huko nina wewe tu.

Dada yako, na usinifanye nijute kuandika hivyo,
Twiga


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Kwako dada yangu Twiga,

Shemeji amepata nafuu? Mwambie anywe maji mengi, asijifanye mwanaume. Kwetu hatuumwi, lakini nyumba haina amani.

Nimemwambia kaka. Alikuwa mlangoni anavua mabuti, nikamwambia tu, yale mashati niliyashona mimi. Akabaki na buti moja mkononi. Unajua sikio lake la kulia halisikii tangu wale watu walipomkamata, kabla hajakimbilia msituni. Akageuza lile zima, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Walionifanya hivi walivaa kazi ya mkono wako?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alivaa tena lile buti, akasema nisilitamke jambo hilo hata ndotoni. Kwenye kamati kuna watu wanakitolea macho kiti chake. Wakijua dada yake aliwavalisha kikosi wakati yeye yuko msituni, watasema alijua akaficha, na wenzake kwa kosa la namna hiyo hawamfukuzi mtu, wanampeleka nyuma ya ukuta. Nilimwambia kwamba mama yako atakufa machimboni. Akasema, "Najua. Uji wake nimekunywa toka utotoni, unadhani sijui?" Akatoka nje.

Mama yangu ndiye aliyenimaliza. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Huyu nilimlilia akiwa hai, kila siku, sijui yuko wapi. Unataka nimlilie mara ya pili?" Tangu hapo hasemi na mimi. Ananiwekea chakula anaondoka.

Lakini nitasema, Twiga. Shauri linasikilizwa tena Jumatano, na nimeapa. Kaka ana maneno, ana wapiganaji, atajitetea. Mama yako hana kitu cha kujitetea nacho isipokuwa mimi. Ulimi wangu nimeupata.

Ndugu yako,
Chiriku


Jumapili, tarehe 14 Aprili

Kwako Chiriku wangu, ndugu yangu wa damu kuanzia leo,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kwenu hawajakufukuza. Sisi tu wazima. Leo nimelia, nikala, nikalia tena.

Mama wa vitunguu amenisimulia. Alikuwa ukumbini, nyuma kabisa karibu na dirisha. Amesema ulisimama mbele ya watu wote ukasema uzi mwekundu ni wako, sauti ikasikika mpaka dirishani. Amesema mama alikataa, akadai unajitia tu kwa sababu ya mapenzi, na kamati ikamwamini yeye. Najua amepelekwa machimbo. Nilipiga mayowe mpaka wenye hoteli wakapanda ngazi.

Nisamehe yale maneno ya mwanzo. Nilidhani utaikumbatia familia yako uniache. Kumbe ulimweka kaka yako kwenye hatari, na mama yako, kwa ajili ya mama yangu. Asikusumbue mtu, ulifanya la kufanya. Ugumu wa kichwa wa mama naujua mimi, akishaamua hata kitanda kikiungua hashuki. Hapa nimewaambia wenzangu wote jikoni kwamba nina dada ng'ambo, na kwamba si dada wa mchezo.

Kitu kimoja tu. Mama wa vitunguu anasema walileta sindano na uzi, watu wakasimama, hakuona kilichofuata. Nieleze wewe. Mama alikuwaje? Alivaa nini? Alisema nini? Usiniachie kitu, nataka nione kama vile nilikuwepo.

Dada yako akupendaye,
Twiga


Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Twiga,

Barua yako nimeisoma na tangu niisome siwezi kula mbele ya watu. Hujambo? Namwombea shemeji pia. Sasa niache niseme haraka kabla sijaanza kupamba.

Ni kweli nilisimama. Ni kweli nilisema. Mama yako akasema, "Mwongo huyo, ananipenda tu, mkalisheni." Watu wakacheka. Mmoja wa wale wanaokitaka kiti cha kaka akasema neno la akili: waleteeni sindano wote wawili, washone ile alama hapa hapa, tulinganishe na mashati. Wakaniwekea kitambaa mezani mbele yangu.

Sindano niliichukua kwa mkono wa kulia.

Twiga, hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyenikonyeza. Nilimwona kaka mezani amekaza taya, sikio lake zima limeelekea kwangu, nikamwona mama yangu amejifunika mdomo, na mkono wa kulia ukatangulia. Nilikuwa na nafasi ya kubadilisha. Nilishona msalaba wa kwanza, wa pili, nikakata uzi. Kazi ya mtoto, imelala upande mwingine kabisa, hata kipofu angeipapasa akajua si ya yule aliyeshona mashati. Kamati yote, kasoro kaka, haikujua kwamba mimi ni wa mashoto. Waliojua ukumbini walikuwa watu wa nyumbani kwangu na mama yako. Kaka alijua. Alikitazama kitambaa changu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Apewe mwenzake."

Mama yako alivaa lile gauni la kijivu la kazini. Alihamishia sindano mkono wa kushoto bila kufikiri, akashona alama yangu vizuri kuliko ninavyoshona mimi, akaficha na fundo chini ya kitambaa kama alivyonifundisha. Wakalinganisha. Wakamhukumu palepale.

Na unajua nilisikia nini moyoni waliposema nikakae? Nafuu. Nilishukuru. Nilirudi nyumbani nimesema ukweli mbele ya watu na sijapoteza mtu. Siku hiyo mama alisema na mimi tena, akanichagulia kipande kikubwa cha nyama, nami nikakila chote. Kaka alikula kichwa chini. Hatujaongea habari hiyo mpaka leo, hakuna hata mmoja. Mtaani wananisifu. Muuza sabuni ameniita shujaa, nikamwitikia.

Jumapili nilikwenda machimboni. Wanaruhusu kumwona mtu langoni. Amekonda, anakohoa, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi, si kwa uzee. Nilipiga magoti nikaanza kulia, akaniinua kwa hasira, akasema mlinzi atatuondoa. Nikamwambia ninakuandikia yote. Akasema, "Usimwandikie. Atabaki na nani huko? Mwachie rafiki." Nilimwahidi.

Ahadi hiyo nayo nimeivunja sasa hivi. Ungeendelea kunisifu kwa wenzako jikoni, na mimi ningeendelea kuitikia, najijua. Kaka nimemwomba amhamishie mama yako jikoni huko machimboni, mbali na vumbi. Amesema atajaribu. Sijui kama anajaribu.

Sijui nitie sahihi vipi.

Chiriku


Alhamisi, tarehe 30 Mei

Chiriku,

Barua yako ilifika zamani. Mama wa vitunguu aliniuliza mara nyingi kama kuna jibu, nikamwambia hakuna.

Kuhusu mkono wako sina la kukwambia. Nimelitafuta. Mume wangu anasema na mimi ningefanya hivyo kwa ajili ya mama, kwa hiyo nisikuhukumu. Labda. Lakini mama huyo ni wangu.

Pamoja na hii kuna dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Huku inapatikana, huko najua hakuna. Nitaituma kila mama wa vitunguu atakapovuka. Mpelekee kila Jumapili, umpe mkononi, usimwachie mlinzi. Mwangalie akiivuta. Kisha niandikie anavyopumua, anakula nini, miguu imevimba au haijavimba. Kama kaka yako amemtoa kwenye vumbi, sema. Kama hajamtoa, sema pia.

Habari zako usiniandikie, wala za kwenu. Usiniombe msamaha tena, unanichosha. Nakutumia kwa sababu huko sina mtu mwingine. Mama asijue kwamba uliniambia.

Twiga


Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Twiga,

Dawa nimempa mkononi. Aliivuta nikimwangalia, na baada ya muda kifua kikatulia, akaweza kusema sentensi nzima bila kusimama katikati. Usiku bado anakohoa. Mguu wa kushoto umevimba kidogo, wa kulia haujavimba. Amekula uji na maharage. Tangu Jumanne yuko jikoni, hayuko tena kwenye mawe, ila moshi wa huko nao haumfai. Gauni lake la kijivu limechanika begani, nitapeleka uzi wiki ijayo.

Aliulizia homa ya mumeo. Alisema ule vizuri, na mikono uipake mafuta kabla ya kulala.

Aliniuliza kama mimi na wewe bado tunaandikiana. Nikamwambia ndiyo, tunaandikiana. Alifurahi sana.