Mzee Alibaki Ndani ya Basi

Sultan Hamud
20 Machi 1988

Kwa dada yangu Nzilani,

Salamu zangu zikufikie huko Mutomo, wewe, shemeji na watoto wote. Natumaini mvua imewakumbuka, maana sisi hapa tunayatazama tu mawingu yakipita kwenda kwa wengine. Mimi na mke wangu Kasyoka hatujambo. Baba anakula vizuri, lakini macho yamekwisha kabisa; tangu Krismasi hatofautishi mchana na usiku. Anakusalimu, na anauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Barua yako niliipata wiki jana. Umeuliza mbona Baba hakwenda kumzika Mzee Evanson Mugo, na mbona watu wanasema alikataa hata kutajiwa jina lake. Umeniambia haikuingii akilini. Una haki. Wewe uliolewa ukiwaacha wakinywa chai pamoja kila siku nyuma ya duka la Evanson, Baba akitoka kwenye gengi la wafanyakazi wa reli na shati limejaa vumbi. Na Mama alipofariki, ni Wangui, mke wa Evanson, aliyetupikia mpaka matanga yakaisha. Wacha nikueleze jambo hili tangu mwanzo.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa 1986, kanisa letu lilipanga safari ya kwenda kuona chemchemi za Mzima, kule ndani ya mbuga ya Tsavo. Evanson ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti wa safari, nami nikawa mwandishi. Baba aliposikia alisema lazima aende. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alikuwa amemwambia hayatapona. Alisema miaka yote ya reli alikunywa maji ya bomba litokalo Mzima, na kabla hajawa kipofu alitaka kuona mahali ambapo maji mengi hivyo hutoka kwenye mawe, wakati Mama yetu aliishi akichimba mchanga wa mto kutafuta mtungi mmoja.

Tuliondoka alfajiri tukiwa watu thelathini na wawili, tukiimba. Mpaka Makindu kila mtu alikuwa rafiki wa mwenzake. Lakini unajua mguu wa Baba, ule ulioangukiwa na chuma cha reli. Kila tuliposimama ilibidi ashushwe na kupandishwa. Alihitaji kwenda haja mara kwa mara. Makindu tulichelewa kwa ajili yake, na Mtito Andei tukachelewa tena. Akina mama walianza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona. Kaluki wa kwaya alisema kwa sauti kwamba kama angejua tunakwenda kuuguza, angebaki nyumbani achambue mbaazi zake. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa nimemshika Baba mkono, nikajifanya sikusikia.

Tulifika Mzima saa tisa na nusu. Askari wa mbuga akatuambia kwamba kwa sababu ya wanyama ni lazima sote tutembee pamoja naye, asibaki mtu nyuma, na kwamba tusipokuwa langoni saa kumi na mbili tutafungiwa ndani. Njia ya kuteremkia majini si ndefu, lakini kwa mwendo wa Baba tungekuta giza. Watu wakasimama nyuma ya basi wakabishana. Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele na kofia yake magotini, akingoja kushushwa.

Halafu Evanson akapanda ndani, nami nikabaki mlangoni. Alimwambia Baba polepole kwamba wameonelea abaki na dereva, wengine wakimbie waone na kurudi. Baba akamtazama kwa yale macho yake ya ukungu.

“Nani ameonelea?”

Evanson akasema, “Ni mimi, Kisilu. Mimi ndiye mwenyekiti.”

Akaongeza kwamba yeye mwenyewe atabaki naye. Baba akamwambia ashuke, asimwone tena karibu na kiti chake. Evanson akashuka.

Tulikwenda, dada. Maji yale ni mazuri kuliko nilivyowahi kusikia. Ni maangavu kama hewa, na kuna chumba cha vioo chini ya maji ambamo unaona samaki wakipita mbele ya uso wako, na tuliona kiboko akitembea chini huko kana kwamba hana uzito. Tuliporudi watu walikuwa na furaha tena, na Kaluki alitaka kumsimulia Baba. Baba aligeuza uso dirishani mpaka Sultan Hamud.

Tangu siku hiyo hakukanyaga dukani kwa Evanson. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Evanson alikuja nyumbani mara tatu, na mara tatu Baba aliingia chumbani akafunga mlango. Januari mwaka huu Evanson alishikwa na ugonjwa wa sukari vibaya sana, akalala kwake Malili. Wangui akatuma habari kwamba anamwomba Kisilu aende wasalimiane. Mimi ndiye niliyeufikisha ujumbe huo. Baba alijibu kwamba mtu aliyemwacha kama mzigo ndani ya basi hana haja ya salamu zake. Evanson alifariki tarehe saba Februari.

Hivyo ndivyo watu wanavyojua, nawe ungeweza kuishia hapo. Lakini wewe ndiwe uliyenilea baada ya Mama, na siwezi kukuandikia uongo.

Si Evanson aliyesema Baba abaki. Ni mimi. Pale nyuma ya basi watu walikuwa wanasitasita, hata Kaluki alikuwa amenyamaza. Evanson alikuwa anasema tutafute vijana wawili wambebe Baba. Mimi nikasema hapana, huyu mzee ametuharibia safari yote, abaki. Nilisema hivyo hivyo, huyu mzee. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeona haya siku nzima mbele ya walimu wenzangu waliokuwa kwenye safari. Kisha nikakosa uso wa kumwambia, nikamwomba Evanson amwambie yeye. Baba alipouliza ni nani, Evanson aliniangalia pale mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikatazama chini.

Tulipofika nyumbani Evanson aliniita kando akaniambia kwamba Baba anaweza kuishi akiwa amekosana na rafiki, lakini si na mtoto anayemlisha, kwa hiyo nimwambie mwenyewe nitakapokuwa tayari. Nikaahidi Jumapili. Jumapili ikapita, zikapita sabini nyingine. Nilipompelekea lile jibu la Baba huko Malili, hakuniuliza lolote ila kama nimeshamwambia. Nikasema bado. Akageukia ukutani.

Siku ya mazishi nilimwambia Wangui kwamba jioni hiyo hiyo nitamweleza Baba kila kitu. Akasema nisijisumbue. Alisema ukweli huo ulikuwa dawa ya mume wake na sasa haumfai mtu, isipokuwa mimi nilale vizuri. Akaongeza kwamba mzee kipofu atabaki na kaburi asiloweza kuliomba msamaha, na mtoto asiyeweza kumwamini. Nimetafuta jibu la maneno hayo mwezi mzima na sijalipata. Kwa hiyo sijamwambia, na sidhani nitamwambia.

Usinitafutie njia, dada. Nimekuandikia tu ili mtu mmoja wa damu yetu ajue Evanson alikuwa mtu wa namna gani.

Wasalimie watoto, na umwambie Mutindi shangazi yake Kasyoka anamshonea sare ya shule. Barua hii uichome. Nimalize hapa, maana jua limekwenda na Baba bado yuko nje. Kila jioni ninapomshika mkono kumwingiza ndani, husema kwamba Mungu alimnyima macho lakini akampa mtoto ambaye hakumwacha.

Ndugu yako,
Muli